Tui linakatika: jibu kwa msomaji wa Tabata anayetafuta mapishi ya bibi yake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Tabata na familia yangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, alifariki mwaka juzi. Likizo zetu zote tulikuwa kwake, na kila tulipokwenda tulikuta chakula cha wakati ule: kisamvu mvua zikinyesha, mbaazi wakati wa baridi, mchuzi wa samaki na embe bichi kabla ya Krismasi, na futari yake ambayo sijaila kwingine. Nataka wanangu wale hivyo. Mama anavikumbuka vyakula lakini vipimo hana, kila nikimuuliza ananiambia "tia kiasi". Mchuzi wa embe naujaribu tangu Januari, tui linakatika na mchuzi unachachuka kupita kiasi. Juu ya hayo mume wangu, ambaye kwao ni Moshi, anasema Pwani hamna chakula cha asili: wali ni wa Wahindi, pilau ya Waarabu, muhogo wa Wareno. Nianzie wapi? Na yeye nimjibu nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuondokewa na bibi. Nitaanza na mchuzi wa embe, maana ukiuelewa huo, mengi ya uliyouliza yatafunguka yenyewe.

Hebu soma tena ulichoniandikia. Bibi alikuwa akiupika kabla ya Krismasi. Wewe umeanza Januari, na sasa ni Aprili bado unahangaika nao. Huku kwetu maembe hujaza miti Oktoba na Novemba, vuli inapoanza, na Desemba na Januari yanaiva. Bibi alipikia embe changa la Novemba. Tena mengi yalikuwa yale yaliyoangushwa na upepo na mvua, ambayo hakuna mtu wa shamba angeyaacha yaoze chini ya mti. Mchuzi ule ulikuwa njia ya kuyatumia. Embe bichi unalolikuta sokoni Januari ni kitu kingine: limeshakomaa, lina nyuzi, na uchachu wake haukadiriki, moja limeanza utamu na jirani yake bado linakung'ata meno.

Novemba ikifika, nenda Buguruni, si mbali nawe, umwombe muuzaji akukatie moja. Kisu kikipita katikati pamoja na kokwa lake bila kugoma, na ndani ya kokwa ukaona nyama nyeupe laini, hilo ndilo. Kisu kikigota, limeshakomaa. Liache liive liliwe kama tunda. Mimi napenda dodo changa kwa sababu lina nyama nyingi na likichemka linalainika lote.

Hukuniambia kama unatia nyanya na ndimu, lakini kwa jinsi mchuzi unavyokuchachukia, nadhani unatia vyote viwili. Viache. Katika mchuzi huu embe ndilo linalofanya kazi ya nyanya na ya ndimu. Ukiosha samaki kwa ndimu, msuuze vizuri kabla hajaingia chunguni. Uchachu ukizidi, tui halivumilii, na sababu yake ni hii: tui ni mafuta ya nazi yaliyosambaa ndani ya maji kwa vitone vidogo sana, yakishikiliwa na protini ya nazi yenyewe. Ukali wa embe pamoja na moto mkubwa huigandisha ile protini, mafuta yanaachana na maji, na hapo ndipo unapoona vile vipande vyeupe vinaelea juu ya maji ya njano.

Jambo la pili ni samaki, na hili nakuomba ukamuulize mama kabla hujapika tena. Samaki wa bibi alikuwa mbichi, wa kukaanga, au ng'onda, yaani aliyetiwa chumvi na kukaushwa? Kisarawe iko vilimani, mbali na bahari, na zamani hakukuwa na barafu ya kumfikisha samaki mbichi huko akiwa salama. Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji huu wa Dar es Salaam miaka ya 1860, palikuwapo hapa kijiji cha Mzizima, na watu wake waliishi kwa uvuvi na kuchemsha chumvi. Chumvi na samaki vilipanda kwenda kwa wakulima wa vilimani, na nafaka na mazao mengine yakateremka. Samaki aliyepanda njia ile alikuwa amekaushwa, ametiwa chumvi au amekaangwa. Kwa hiyo sitashangaa mama akikwambia ilikuwa ng'onda, na kama ndiyo, mapishi yako yote yanabadilika: ng'onda hulowekwa kwanza, maji yanamwagwa, na chumvi haitiwi mpaka umeonja mwishoni. Samaki mbichi humwaga maji yake ndani ya mchuzi na kuuharibia uzito. Ng'onda na samaki wa kukaanga hawafanyi hivyo.

Mimi naupika hivi, kwa kilo moja ya changu au kolekole aliyekaangwa juu juu tu, asikauke.

Chukua nazi mbili kavu. Itikise kila moja. Usiposikia maji, irudishe. Ikune kwa mbuzi na uache ukifika kwenye ngozi ya kahawia, maana hiyo inatia mchuzi rangi ya udongo. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, fikicha kwa mkono mpaka maji yawe meupe pee, kisha kamua kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui zito, liweke pembeni. Machicha yarudishie vikombe vitatu vya maji, kamua tena, upate tui jepesi.

Tui jepesi ndilo la kuanzia. Litie chunguni na kitunguu kimoja kilichokatwa, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, chumvi, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka, na embe changa mbili zilizomenywa na kukatwa vipande. Acha vichemke mpaka embe lipondeke ukiligusa kwa upawa, kama dakika 15. Hapo onja. Uchachu wote wa mchuzi huu unatakiwa uwe umeshatoka. Ukiona umezidi, opoa vipande vichache vya embe uviweke kando, usijaribu kuuficha kwa sukari. Ingiza samaki, mpe dakika tano. Kisha punguza moto. Kama unatumia mkaa, toa makaa mengine nje ya jiko. Sasa mimina tui zito kidogo kidogo, unakoroga taratibu bila kuacha, na usifunike. Ukiona mapovu madogo yanaanza kuzunguka pembeni mwa chungu, ipua. Tui zito likichemka kwa nguvu, hata embe lisingekuwamo, lingekatika.

Na likikatika, usimwage. Ladha ipo palepale, sura tu ndiyo imeharibika. Tui la paketi halikatiki kirahisi kwa sababu mengi yametiwa kiungo cha kulizuia, na siku ambayo umerudi kazini saa mbili usiku sitakulaumu. Ila kwa mchuzi huu, ambao karibu ladha yote ni nazi na embe, tofauti utaiona kwa kijiko cha kwanza.

Sasa nikueleze ninachotaka ukishike kuliko hayo yote. Ukimuuliza mama vipimo, hana, na wala hafichi. Muulize mwezi. Kila chakula ulichonitajia kilizaliwa na jambo fulani lililokuwa likitokea wakati ule: kitu kimejaa shambani, kingine kimekwisha ghalani, bahari imechafuka, kuni zimelowa. Ukijua mwezi, utajua embe lilikuwa la namna gani, mchele ulikuwa mpya au wa mwaka uliopita, samaki alikuwa mbichi au mkavu. Vipimo vinafuata hayo. Mtu anayetia "kiasi" anakisia vizuri kwa sababu vitu alivyonavyo mkononi ni vilevile kila mwaka wakati huo. Wewe unayenunua embe Aprili huwezi kukisia kama yeye.

Kwa hiyo mchuzi wa embe uache mpaka Novemba. Sasa hivi ni masika, pika kisamvu.

Masika ndiyo miezi ya majani. Mihogo inachipua upya na majani machanga ya nchani ni laini kuliko wakati mwingine wowote. Matembele, mchicha, majani ya kunde na mlenda navyo vimejaa. Bahari nayo inabadilika, kusi imeanza kuvuma, vyombo vidogo haviendi mbali, na ukienda soko la samaki la Feri utaona samaki wakubwa wamepungua na bei imepanda. Kwa hiyo mboga ya majani iliyoungwa kwa nazi, na dagaa au kamba wachache wa kutia ladha, ilikuwa chakula cha akili kabisa kwa miezi hii. Tukiwa kwenye dagaa: huvuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki vizuri giza likiwa zito. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hupungua. Angalia mwezi kabla ya kupanga safari ya sokoni.

Kisamvu kina sheria yake, na hapa siwezi kulegeza. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Kutwanga kunaifungua, na kuchemsha bila kufunika kunaitoa pamoja na mvuke. Ndiyo maana bibi zetu walitwanga mpaka majani yakawa laini kabisa, wakayachemsha kwa maji muda mrefu chungu kikiwa wazi, na nazi ikaja mwisho. Siku hizi unakinunua sokoni kimeshatwangwa, sawa, lakini usikiamini kwamba kiko tayari. Kichemshe saa nzima au zaidi, uongeze maji yakikauka, mpaka ile harufu ya ubichi ipotee na jani likitafunwa lisikwaruze. Ndipo utie tui jepesi, kitunguu, na mwisho tui zito. Wapo wanaounga kwa karanga na ni kitamu, lakini kwa Kisarawe ninadhani utaambiwa nazi. Muulize mama pia kama bibi alitumia kisamvu cha mpira, ule mti mrefu unaopandwa nyuma ya nyumba. Majani yake yana ladha yake, na mtu aliyekizoea hukitambua mara moja.

Baada ya masika tunaingia kipupwe, Juni mpaka Agosti, na hapa pana jambo moja linalowatesa wapishi wengi wa mjini bila wao kulijua: mchele mpya. Mpunga mwingi wa nchi yetu huvunwa kati ya Mei na Julai, na muda si mrefu mchele wake umefika madukani. Mchele mpya unanyonya maji kidogo na unashikana. Mtu anaupika kwa maji yaleyale aliyozoea, anapata bokoboko, anamlaumu muuzaji. Muuzaji muulize tu, "mpya au wa zamani?" Wengi watakwambia kweli. Kama huna uhakika, chemsha kijiko kimoja kabla ya kupika kilo mbili za wageni. Mpya ukiwa nao, punguza robo ya maji, na upike vitu vinavyopenda kushikana: ubwabwa wa nazi wa watoto, mseto wa choroko. Pilau na biriani vitafutie mchele wa zamani. Naamini ndiyo sababu moja ya pilau ya harusi fulani kuchambuka punje moja moja na ya harusi nyingine kugeuka uji, ingawa mpishi ni yuleyule na sufuria ni lilelile.

Mbaazi nazo huvunwa kipupwe kikiwa katikati na kuelekea mwisho, Julai mpaka Septemba. Umeniambia bibi alizipika wakati wa baridi. Basi zilikuwa mbichi, zilizotolewa kwenye maganda bado za kijani, na hizo hazihitaji kulowekwa wala saa mbili za moto. Ukizipika kavu utapata chakula kingine, kizuri pia, kile cha asubuhi na mandazi au chapati ambacho mji huu wote unakijua. Kavu ziloweke usiku kucha, umwage maji, uzichemshe mpaka zipasuke ndipo utie chumvi, halafu tui. Nunua za kutosha. Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, wakulima wetu wa Kusini walibaki na magunia bila wanunuzi, kwa sababu sisi wenyewe hapa nchini tulikuwa hatuzili vya kutosha. Ningependa sana hilo libadilike, na linaanzia kwenye majiko kama lako.

Muhogo na viazi vitamu sitasema mengi, utavipata karibu mwaka mzima. Oktoba mpaka Desemba tafuta korosho mpya zinazotoka Mkuranga na mikoa ya Kusini. Kama unaweza kupata korosho mbichi ambazo hazijakaangwa, zisage uungie mchuzi wa kuku badala ya karanga. Ukwaju wa msimu wa kiangazi uhifadhi kwenye chupa kavu, utakufaa miezi ambayo embe hakuna.

Nije kwa shemeji. Anachokisema kina ukweli ndani yake, na tusimpinge pale aliposema kweli. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukafika pwani hizi baada ya Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafungulia njia mwaka 1498. Pilipili mbuzi, mahindi, nyanya, karanga na korosho asili yake ni Amerika vilevile. Mchele huu tunaoupenda ulitoka Asia, na embe pia. Pilau ni ndugu wa pilau za Uajemi na India. Lakini mwambie na ndizi za mtori wake babu zake ni wa Asia ya Kusini-Mashariki, na maharage ya kwao yalitoka Amerika kama muhogo wa kwetu. Tukianza kurudishiana, Moshi na Kisarawe wote tutalala njaa.

Halafu mpe na habari hii. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika upande huu wa Afrika karne ya 10, aliandika kwamba chakula kikuu cha watu wa huku ni mtama, na akataja ndizi, asali, nyama na nazi. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa Pemba umeonyesha vivyo hivyo: punje za mwanzo ni za uwele, na kuanzia karne ya 11 mchele ndio unaochukua nafasi. Yaani wali tunaupika hapa kwa karibu miaka elfu moja. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, alikaribishwa Mogadishu akaandaliwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na kando yake achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Pilipili yenyewe haiwezi kuwa pilipili mbuzi, maana Amerika ilikuwa bado haijafikiwa. Lakini ukiitazama sinia hiyo, wali, kitoweo, kitu kichachu cha embe pembeni, ni mpango uleule wa chakula cha mchana cha nyumba nyingi za Pwani leo. Wareno walikuwa bado zaidi ya karne moja na nusu kufika.

Na vipo ambavyo ni vya Afrika kwa kila hali: mtama, uwele, kunde, bamia, njugu mawe, ukwaju, ubuyu. Tazama orodha hiyo na ukumbuke bibi alipika nini humo. Kunde za nazi na majani yake, mlenda wenye bamia, uji wa mtama wenye ukwaju. Vyakula ambavyo mtu akija mgeni hatuvipiki, tunampikia pilau. Ukinitaka nikushauri, hivyo ndivyo nitakavyovipa kipaumbele mezani kwa wanao, kwa sababu pilau haitapotea kamwe, harusi zinailinda. Mlenda na njugu mawe havina anayevilinda.

Kuna historia ya karibu zaidi ambayo mama anaikumbuka kwa tumbo lake, na usiiruke. Mwaka 1974 na 1975 nafaka zilipopungua nchini, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na muhogo ukawa zao la kuokoa nyumba. Miaka ya mwanzo ya 1980 ikaja tena shida: foleni za sukari na mchele, na unga wa mahindi ya njano ya msaada ambao watu waliuita Yanga kwa rangi yake. Bibi yako alilisha watoto katika miaka hiyo yote. Inawezekana kabisa baadhi ya vyakula unavyovikumbuka kama mila ya kale ni alivyobuni yeye wakati ule, makopa ya muhogo mkavu badala ya unga, ukwaju na embe badala ya nyanya za dukani. Hilo halivipunguzii thamani, ila litakusaidia kuelewa kwa nini chakula fulani hakina mafuta kabisa au hakina sukari. Usikimbilie kuviongeza kabla hujauliza.

Umetaja futari, na hapa suala la mwezi linakuja kwa namna nyingine. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo huzunguka majira yote kwa takriban miaka 33. Mwaka 1985 ilianza Mei. Mwaka 2000 ilianza Novemba. Mwaka 2017 ikawa Mei tena. Futari ya miaka ya mwanzo ya 2000 iliangukia maembe. Ile ya 1985 iliangukia mwisho wa masika, mahindi mabichi na majani yakiwapo, maembe hayapo. Kwa hiyo ukimsikia mama anasema futari ya bibi ilikuwa na magimbi na uji wa pilipili manga, na mama mdogo anasema hapana, ilikuwa na ndizi mbichi za nazi na embe, usidhani mmoja wao amesahau. Uliza kila mmoja alikuwa na umri gani, hesabu mwaka, utajua Ramadhani ile ilikuwa mwezi gani. Kwa nyumba yako, miaka hii Ramadhani inazidi kusogea kuelekea Januari, na mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Wanao watakua na futari ya maembe mabivu.

Mwisho, namna ya kuyapata haya kutoka kwa mama. Usimkalishe na kalamu sebuleni. Watu waliopika maisha yao yote wakiulizwa wakiwa wamekaa hueleza chakula cha sikukuu, wakaacha cha kila siku. Mchukue mwende naye sokoni, Kisutu au Buguruni, mapema kabla ya jua kuwa kali, na umwache atembee mbele. Ataona matembele ataguna kuwa yamekomaa, atashika nazi ataitikisa, atapita kwenye kunde atasema "hizi mama alikuwa anazipika na…", na hapo hapo andika. Kama wapo mama wakubwa waliobaki Kisarawe, nenda nao wakapike kwao, kwenye chungu chao na kuni zao, maana sufuria jembamba juu ya jiko la gesi hutaka maji zaidi kuliko chungu. Siku ya kupika, kila atakachotaka kukitia, mwombe akiweke kwanza kwenye bakuli lako: chumvi ya vidole vitatu, bizari ya ncha ya kijiko, tui la upawa mmoja. Wewe kipime kwa kijiko au kikombe, kisha kiingie chunguni. Juu ya ukurasa andika tarehe, mchele ulikuwa mpya au wa zamani, samaki alikuwa wa namna gani, mvua inanyesha au hapana. Rudia na chakula hichohicho mwakani, mwezi uleule, uone amebadilisha nini.